Paa la Upande wa Nadine

Verlin Stuckey aliingia gerejini kwangu Jumanne asubuhi amekumbatia paa la gari lake, limeviringishwa kwenye blanketi la maua. Nikasema moyoni, haya, limeanza tena. Miaka kumi na minane sasa, nikiliona blanketi lile najua siku yangu imeharibika.

"Liweke hapo mezani, shemeji," nikamwambia. "Na usianze kutukana kabla sijamaliza kahawa."

Hakutukana. Akalifungua blanketi taratibu, akarudi nyuma hatua moja, akavua kofia.

"Angalia, Lorna."

Nikavaa miwani. Paa lenyewe ni kipande kimoja cha plastiki ngumu inayopitisha mwanga. Unafungua makomeo matatu, unalitoa, unaendesha jua likikupiga utosini. Mvua ikija unalirudisha. Gari ni la michezo, la viti viwili, jekundu, na Verlin alilinunua jipya mwaka aliotimiza miaka hamsini. Nikaanza kutafuta nyufa zile, nyembamba kama nywele, ambazo siku zote zilikuwa zinaota mahali palepale, upande wa abiria, juu ya kichwa. Nikapitisha kidole. Nikaliinua dirishani kwenye mwanga.

"Sioni kitu," nikasema.

"Hakuna kitu! Miaka miwili tangu unifungie hili, na mwaka mzima uliopita nimeliendesha juani na mvuani. Hata ufa mmoja! Matatu ya kwanza yote yalioza, hili la nne liko safi kama siku lilipotoka kwenye boksi. Mimi nimekagua vyuma kiwandani miaka thelathini na moja. Kitu hakiachi kuharibika hivi hivi. Kwa nini, Lorna?"

Nikaweka kikombe chini. Jibu nilikuwa nalo, tena miaka tisa nzima, na nilikuwa nimeapa kutolisema.

Niliapa kwa Nadine, mke wake. Kabla hajawa mke wake alikuwa rafiki yangu tangu darasa la kwanza hapa hapa Van Wert, Ohio, tukikaa dawati moja na kuiba peremende za mwalimu, ndiyo maana Verlin namwita shemeji. Nadine alifariki Septemba ya mwaka juzi kwa saratani ya kongosho. Naandika hivyo kwa mstari mmoja kwa sababu nikiandika miwili nitalia, na mimi nimerithi gereji ya kupiga rangi kutoka kwa baba yangu, si saluni ya machozi.

Sasa saluni. Nadine alikuwa mtu wa saluni. Kila Ijumaa kwa miaka arobaini tulikaa wawili chini ya zile mashine za kukaushia, mimi nikilalamika, yeye akitengenezwa nywele zake zikasimama kama mkate ulioumuka vizuri. Nywele zile ndizo zilikuwa fahari yake. Verlin naye fahari yake gari, na gari lilikuwa na sheria: humo ndani hakuliwi, hakunywewi, hakupakwi poda, hakupuliziwi kitu. Nadine alikuwa akinitajia sheria hizo kwa sauti ya mchungaji, tunacheka mpaka wenye mashine wanatufukuza.

Kila kiangazi klabu yao ya magari hayo hukusanyika kwenye uwanja wa maonyesho. Verlin huenda akiwa ametoa paa, vioo chini, upepo unavuma. Unafikiri mkate ule ulifika salama? Wapi! Kwenye lango Verlin anasimama, anarudisha paa, maana waamuzi wa klabu wanataka gari likiwa kamili. Akishaegesha, anaruka nje kusalimiana na wenzake. Nadine anabaki peke yake kitini. Anapandisha vioo, anatoa kopo la sprei ya nywele mkobani, pss, pss, pss, mpaka mkate unasimama tena. Halafu anashuka akitabasamu. Na ile sprei iliyopanda juu inakauka kwenye plastiki, na plastiki ile haipatani kabisa na spiriti iliyomo kwenye sprei. Mwaka wa kwanza huoni kitu. Mwaka wa tatu imeanza kupasuka nyufa ndogondogo, na kiangazi hadi kiangazi zinaenea.

Kikulacho ki nguoni mwako. Lakini Verlin hakutazama nguoni, alitazama kiwandani lilikotoka gari. Paa la kwanza lilipopasuka aliwaandikia kampuni barua kumi na moja, wakachoka, wakampa la pili. La pili nalo likapasuka, akasimama kwenye mkutano wa klabu na kuwaita mafundi wa kampuni majina ambayo siyarudii, mama yangu yuko mbinguni ananisikia. Wakampa la tatu. Mwaka huo ndio mimi niligundua. Nililitoa la pili, nikalifuta kwa ndani, vidole vikanata. Nikanusa. Ijumaa nikamkuta Nadine chini ya mashine, nikamwinamia sikioni.

"Wewe mwanamke, unapulizia nywele garini?"

Alicheka mpaka rola mbili zikadondoka. Kisha akaacha kucheka, akanishika mkono.

"Usimwambie."

"Anatukana watu bure, Nadine!"

"Najua. Lakini kiwanda chake kimefungwa, Lorna. Unajua alivyokaa majira yote ya baridi? Kochini, mapazia yamefungwa, hataki hata kunyoa ndevu. Barua zile ndizo zinazomwamsha. Ananyoa, anakaa mezani, ananiuliza neno hili linaandikwaje. Ukimnyang'anya vita yake utanirudishia yule wa kochini. Niapie."

Nikaapa. Yeye akaniahidi ataacha sprei. Akaacha miaka miwili, kisha ukaja mwaka wa kupigwa picha ya klabu nzima. "Kidogo tu, Lorna, kwa pembeni." Paa la tatu nalo likaenda.

Hadi hapo ni kichekesho, na laiti kingeishia hapo.

La nne nililifunga Aprili ya mwaka juzi. Safari hii Verlin alikuja na mpango. Kampuni ilikuwa imemjibu kwamba labda ni matumizi yake mabaya, naye akaapa kuwaonyesha. Gari litakaa kwenye uwanja wa nyumba yake kiangazi kizima, juani, bila kuguswa, na kila Jumapili atalipiga picha akisimama mahali palepale. Likipasuka bila mtu kuliendesha, basi kasoro ni yao. Akachukua ule utepe mwekundu waliokuwa wakibandika kiwandani kwake kwenye vyuma vilivyokataliwa, akaubandika milangoni. USIGUSE.

Mwezi uliofuata Nadine akaambiwa ana saratani. Daktari alisema huenda mwaka, huenda na zaidi. Wakaanza dawa, na kufika Juni nywele zote zimetoka. Ijumaa hatukwenda tena saluni. Nilikwenda kwake nikamkuta kibarazani, kitambaa kichwani, anatazama lile gari na utepe wake.

"Lorna, ona mambo," akasema. "Sasa nina kipara, paa limepona."

Tukacheka. Mungu anisamehe, tulicheka.

"Nataka anipeleke Celina," akasema. "Pale ziwani, kwenye kibanda cha samaki wa kukaanga. Dakika arobaini tu. Paa limetolewa, na upepo hauna cha kunivuruga. Sijawahi kuendeshwa mle ndani bila kuzishika nywele zangu."

"Si umwambie."

"Nimemwambia. Anasema akivunja utepe ushahidi umekufa. Anasema Septemba, mama, jaribio likiisha, nitakupeleka Celina na mpaka Ziwa Erie ukitaka."

"Basi mwambie ukweli! Mwambie ni sprei."

"Jumapili nitamwambia."

Jumapili ile akatapika siku nzima. Jumapili nyingine walikuja watoto wake. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na sisi tulingoja wote watatu, kila mmoja na lake. Mwezi wa saba Verlin alinijia gerejini na picha zake, amezipanga kwa tarehe, ananionyesha paa safi na macho yake mekundu kwa kukosa usingizi. Nilikuwa naye peke yangu. Neno moja lingetosha. Nikamwambia, "Picha nzuri, shemeji."

Nadine alikufa tarehe nne Septemba. Utepe ulikuwa bado mlangoni.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kifuani Jumanne ile, Verlin akiningoja nimjibu.

"Labda kampuni wamebadilisha plastiki," nikasema. Uongo wangu ulikuwa mbaya hata masikioni mwangu.

"Niliwaza hivyo. Jumamosi ni mkutano, nataka nisimame niseme wamejirekebisha, nimewashinda. Lakini mkaguzi hasemi kitu mpaka amelinganisha. Lile la tatu unalo bado?"

"Nililitupa."

"Lorna. Wewe hujawahi kutupa hata skrubu."

Kweli. Lilikuwa nyuma ya makabati, kwenye gunia. Nililiweka kwa sababu Nadine alikaa chini yake, kwani mnataka sababu gani nyingine? Nikaenda nikalileta.

Akayalaza mawili sambamba. Akavaa miwani yake ya kazini. Nilimwona Verlin akirudi kuwa mkaguzi. Alipima kwa rula zilipoanzia nyufa na zilipoishia, akaandika kiganjani kwa kalamu. Kisha akalibeba lile bovu mpaka nje kwenye gari, akalipachika, akafunga makomeo, na akafanya jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya. Alizunguka akaingia upande wa abiria. Akakaa kwenye kiti cha Nadine, akafunga mlango, akatazama juu.

Alikaa humo muda mrefu. Nikaona mkono wake unapanda, umefumba kama umeshika kitu, kidole cha shahada juu, unazunguka kichwa chake chenye upara. Pss, pss. Akaushusha. Akaupandisha tena.

Aliposhuka alikuwa anacheka.

"Sprei," akasema. "Ni sprei! Nadine, mwanamke wewe! Barua kumi na moja! Nimemwita yule mhandisi punda mbele ya watu tisini, kumbe punda nimeoa... hapana, punda ni mimi." Akajipiga paja, machozi ya kicheko yakamtoka. "Na wewe, shemeji, ulikuwa hujui?"

Ningeweza kusema sikujua. Nilitamani kusema hivyo kuliko nilivyowahi kutamani kitu.

"Nilijua," nikasema. "Tangu la pili. Aliniapisha."

Bado alikuwa anacheka, lakini nikaona kicheko kinapungua usoni mwake kidogokidogo. Mkaguzi alikuwa analinganisha.

"Kiangazi kile," akasema. "Hakuwa na nywele."

"Hakuwa nazo."

"Basi paa lisingeharibika. Hata ningeendesha kila siku."

Nikalitazama lile paa bovu juu ya gari.

"Na alijua lisingeharibika."

"Alijua, Verlin."

"Aliniomba Celina mara nne." Alinionyesha vidole vinne, kama vile mimi ndiye sijui kuhesabu. "Mara nne, Lorna. Ya mwisho alikuwa hawezi kusimama, akasema nimbebe mpaka garini. Nikamwambia utepe. Nikamwambia mke wangu, utepe!"

"Alitaka ushinde, shemeji. Alikuwa anakupenda ukiwa na vita yako."

"Usiniite shemeji."

Alilichukua lile paa safi, akalitupa nyuma ya kiti bila blanketi, Verlin yule aliyekuwa akilibeba kama mtoto mchanga. Akaondoka na lile bovu juu. Blanketi la maua likabaki mezani kwangu. Nikaketi juu ya debe la rangi, mwanamke wa miaka sitini na minane, nikalia kwa sauti, wateja watakaosikia na wasikie. Siri ya mtungi aijuaye kata, wanasema, lakini hawakusema kata inajisikiaje mtungi ukishavunjika.

Jumamosi nilikwenda uwanjani. Sikualikwa. Nilijificha nyuma ya kibanda cha juisi ya limau nikamtafuta kwa macho, nikaliona gari jekundu mstari wa mbele, limeng'arishwa, na paa lile bovu juu yake. Nyufa zilikuwa zinameta juani, mtu angeziona akiwa barabarani.

Niwaeleze desturi yao, maana ndipo lilipo jambo. Mwamuzi hupita na karatasi, mwenye gari anasimama kando ya mlango wake, kimya, mpaka aulizwe. Gari huanza na alama zote, kisha hukatwa. Lakini kasoro ikiwa imetoka kiwandani haikatwi, kwa sababu gari halali ni lile lililo kama lilivyozaliwa, na makosa yake ya kuzaliwa. Kasoro ya mwenyewe hukatwa. Kwa miaka yote ile mwamuzi alipofika kwenye paa la Verlin alimuuliza, na Verlin alijibu, "Ya kiwanda," kwa sauti ya kusikika mpaka mjini. Utepe wa buluu wa ushindi hakuwahi kuupata hata hivyo, maana hakuna mwamuzi anayeupa gari lenye paa la nyufa. Mwaka huu, na lile paa la nne safi, ulikuwa wake. Watu wote wa klabu walijua.

Mwamuzi alikuwa Orrin Beidler, mnene, mwenye suruali ya mikanda ya mabegani. Akazunguka gari, akafungua boneti, akapiga magoti, akanung'unika kwa furaha. Kisha akainua kichwa akaona paa.

"Stuckey, una wazimu? Si nimeambiwa una paa zima?"

"Ninalo nyumbani."

"Sasa hili bovu umelileta la nini?" Akapapasa nyufa. Akashusha sauti kidogo, mtu mzima akimsaidia mwenzake. "Haya. Kasoro ya kiwanda, siyo?"

Verlin akatikisa kichwa.

"Hapana," akasema. "Si ya kiwanda. Haijawahi kuwa ya kiwanda."

"Ya nani basi?"

"Ya mke wangu. Alikuwa akipulizia nywele zake humo ndani. Andika hivyo, Orrin. Andika jina lake."

Orrin alimtazama, akaitazama karatasi. Wote walimfahamu Nadine, wote walikula keki zake. Akaandika. Kisha akakata alama saba, kwa sababu sheria ni sheria na Orrin ni Orrin.

Wakati wa kutoa tuzo Verlin hakungoja. Alikuwa anafungua makomeo ya paa ili aondoke, akaniona nyuma ya kile kibanda cha juisi. Nikajiandaa kutukanwa. Nilistahili.

"Lorna. Ingia."

"Mimi?"

"Kuna Lorna mwingine?"

Nikaingia. Sijawahi kukaa katika kiti kile, kilikuwa cha mtu. Akayafunga tena makomeo, akasema kwanza anataka niangalie. Nikatazama juu. Mbingu ya Ohio yote ilikuwa imevunjikavunjika, huoni wingu wala ndege, weupe tu wenye mistari.

"Unaonaje?" akaniuliza.

"Sioni kitu."

"Na yeye alikuwa haoni kitu. Miaka kumi na mitano alikaa hapo amefunikwa na mapaa kama hilo. Mimi niliyekaa upande usio na ufa ndiye nilipiga kelele. Yeye hakulalamika hata siku moja."

Akashuka, akalitoa paa, akaliviringisha kwenye koti lake akaliweka nyuma. Jua likanipiga usoni. Aliwasha gari, tukatoka langoni, na badala ya kukata kushoto kuelekea mjini akakata kulia, kusini. Sikumuuliza tunakwenda wapi. Upepo ukazichukua nywele zangu nami nikaziacha.

Tulifika kwenye kibanda cha samaki. Verlin akazima gari, mikono yake ikabaki kwenye usukani. Akatazama saa ya dashibodi.

"Dakika thelathini na nane," akasema. "Hata arobaini hazikufika."

Akalaza paji la uso kwenye usukani akalia, na mimi nikamshika mgongo, na watu waliokuwa wakila samaki wao wakageuka kutazama upande mwingine.